Usiku wa Saa Sita Mchana

Saa sita mchana, jua likiwa utosini, mwalimu wa darasa la tano aliamuru usiku uingie, nao ukaingia. Mablanketi yaliyoazimwa majumbani yalifunika madirisha. Madawati yalisogezwa ukutani, kamba zikafungwa kutoka msumari hadi msumari, na juu yake zikatundikwa shuka: hayo ndiyo mahema. Ubaoni ulibaki msitu wa somo la jana, kila mti na jina lake. Watoto wa mtaa ule wa nyuma ya soko waliijua vizuri miti ya chaki tu.

"Tunafanya mazoezi ya kulala," mwalimu alisema. "Mama wa ruzuku anakuja leo. Mfuko wake ndio unaolipia basi, mahema na mtu wa kutuongoza msituni. Anataka kuona kama safari hii mtaweza kulala nje mpaka asubuhi."

Macho yote yakamgeukia msichana mmoja, King'ora.

Jina hilo alilipata mwaka jana. Walipelekwa msituni kwa mara ya kwanza, wakaimba, wakaingia mahemani, na kabla usiku haujakolea yeye akaanza kulia. Kilio kikaambukiza hema hadi hema, mpaka basi likaitwa kuwarudisha wote nyumbani. Mfuko ukasema watoto hawako tayari. Akilia tena leo, ruzuku imekwenda, na darasa zima litabaki na miti yake ya chaki.

"King'ora, umekula?" aliuliza Kiazi, mvulana aliyekuwa hema la jirani. "Maana ukishiba unasikika mpaka sokoni."

"Funga bakuli lako."

"Nyamazeni! Usiku huo," mwalimu akasema.

Mama wa ruzuku aliingia akipapasa, viatu mkononi.

"Shikamoo, mama!" giza likamwamkia.

"Marahaba. Jamani, mko wapi?"

"Tumelala!"

Akacheka. Asubuhi nzima alikuwa akizunguka shule hadi shule, na uchovu ulisikika hata katika kicheko chake. "Basi na mimi nipeni pa kulala."

Hilo mwalimu hakulitegemea. Hema lenye nafasi lilikuwa moja tu, la King'ora, kwa sababu hakuna aliyetaka kulala naye.

Wakalala ubavu kwa ubavu. Kimya kikashuka, kizito, kama blanketi jingine.

Kimya hicho ndicho King'ora alichokiogopa. Giza alilizoea. Lakini mama yake alikuwa fundi cherehani, na kitanda chao kilikuwa hatua moja tu kutoka kwenye cherehani. Tangu akiwa mchanga alilala kwa sauti ya pedeli. Ikinyamaza, huamka akidhani mama ameondoka. Sasa kilio kilikuwa karibu.

"Unatetemeka," mama wa ruzuku alinong'ona. "Unaogopa?"

"Siogopi. Kumenyamaza mno. Kwetu mama hushona."

"Anashonaje? Hebu nisikie."

King'ora akaweka ukucha kwenye mguu wa chuma wa dawati. Akagonga taratibu, kisha haraka: tak, tak, taka-taka-taka. Akapunguza, kama mama anavyopunguza akifika kwenye kona ya kola, akaongeza tena.

"Nini hicho?" Kiazi akauliza.

"Cherehani."

"Basi nishonee kaptura, imepasuka nyuma."

Kicheko kikapita mahemani kama upepo. Kisha ukucha mwingine ukajiunga, na mwingine. Shuka zikaanza kupumua. Miti ya chaki ikashuka ubaoni, ikaja kusimama kati ya mahema, matawi meupe yakidondosha vumbi jepesi. King'ora akatembea chini yake akiwa ameshika uzi uliotoka gizani, na hakuwa na haraka, maana alijua nani ameushika upande wa pili.

Aliamshwa na mwanga. Blanketi moja lilikuwa limeanguka. Kando yake mama wa ruzuku alikuwa akikoroma, alama ya mshono wa shuka shavuni, na mwalimu amemwinamia, hajui amwamshe au amwache.

"Mwalimu," Kiazi akanong'ona, "huyu yuko tayari kabisa."

Mama wa ruzuku akakurupuka, akajifuta mdomo. "Haya, ofisini nikaseme nini? Kwamba nililala kazini?"

"Sema ukweli," King'ora akajibu. "Na useme mimi sikulia."

Mwanamke akavaa viatu. "Nitasema yote mawili."

Basi likaja, mvua zilipokatika. Usiku, msituni, mwalimu alipozima taa ya mwisho, King'ora alitafuta chuma cha hema, akainua ukucha, akasita.

Nje nyenje walikuwa kazini. Taka-taka-taka, wakipunguza, wakiongeza, karibu na mbali, mpaka kilimani. Msitu mzima ulikuwa unashona.

Hata mwaka jana ulikuwa unashona. Hakuusikia tu, kwa sababu alikuwa analia.