Lori la Kwenye Kompyuta

Pazi alikuwa amepakia ndizi Matombo, kule milimani, miaka ishirini na miwili bila hata mkungu mmoja kudondoka njiani, na sasa makasha tisa ya mchoro yalikuwa yanamvua nguo mbele za watu.

Makasha hayo yalikuwa ndani ya kompyuta ambayo Akbarali, tajiri wa malori pale Morogoro mjini, aliletewa kutoka Dubai, miaka ile kila mwenye duka alipoanza kuagiza anachotaka. Mchezo wenyewe ulikuwa rahisi kuueleza. Unapanga makasha juu ya lori, mengine mazito, mengine mepesi, kisha lori linakwenda lenyewe mpaka mwisho wa kilima. Akbarali alikuwa anatafuta nyapara wa wapakiaji, na alisema, nusu utani nusu kweli, kwamba atakayefikisha makasha yote ndiye atakayeshika kazi. Geofrey, aliyewahi kuwa kuli bandarini, alifikisha jana yake kwa jaribio la pili tu. Pazi, kwa heshima ya miaka yake, alipewa asubuhi nzima, na akifikisha, kazi ni yake mbele ya Geofrey.

Asubuhi ilikuwa inakwisha. Pazi alipanga mazito nyuma na mepesi mbele, kama alivyofundishwa na mjomba wake, ili mlima usimsukumie dereva mzigo kisogoni. Lori likaenda kidogo, likainua pua, likapinduka chali. Akapanga tena, likapinduka tena. Mara ya kumi na tatu aliipiga meza kofi, chai ikamwagika, na Alina, binti wa tajiri, akaifuta kwa upole. Huruma ile ilimuudhi kuliko makasha. Akalalama kwamba mashine haijui uzito, na aliyeitengeneza hajawahi kubeba hata kichane cha ndizi. Geofrey, mtani wake, akiwa mlangoni, alimshauri aende akalee wajukuu. Wapakiaji wakacheka. Pazi alikuwa na hasira hadi meno yakamuuma.

Alina ndiye aliyeuliza, kwa adabu.

"Mzee Pazi, hizo ndizi huwa mnazipakia gari likiwa linakwenda wapi?"

"Linashuka, linakuja mjini. Kupanda, linapanda tupu."

Pazi akakitazama kilima kwenye kioo. Lori la mchezo lilikuwa linapanda. Maisha yake yote hajawahi kupakia gari la kupanda, maana hapakuwa na cha kupeleka huko juu. Siku hizi ndiyo watu wameanza kupandisha saruji, bati na magodoro.

Akahamisha mazito mbele. Kilibaki kitufe kimoja tu abonyeze, na unyapara ulikuwa wake. Kidole kikasita. Uani kulikuwa na lori la kweli, safari ya kwanza ya tajiri kupeleka saruji Matombo. Mifuko mia, Pazi aliipakia mwenyewe alfajiri, yote nyuma, na dereva Ernest alikuwa ameshawasha injini.

Pazi akaliacha lori la kwenye kioo na kutoka mbio. Alimshika Ernest kwenye geti, akamwamuru azime. Watu wote wakatoka kutazama. Akbarali akauliza nani amepakia vibaya.

"Mimi, tajiri. Nimelipakia kama linashuka."

Akbarali akampa Geofrey funguo za stoo, zile anazoshika nyapara. Hakuna aliyecheka. Pazi alipanda kwenye bodi la lori, akajitwika mfuko wa kwanza, akamuuliza Geofrey auweke wapi.