Bolti ya Nane ya Mama Mkwe

Mimi ni fundi magari, na nasema bila kujisifu kwamba mkono wangu unajua bolti imefika wapi kabla hata spana haijajua. Kujisifu ni pale mtu anaposema jambo lisilo kweli. Hilo nimewaeleza wengi na wengi wamenielewa, isipokuwa mama mkwe wangu, ambaye kwa miaka tisa sijawahi kumwambia kitu zaidi ya "naam, mama."

Si kwamba ananichukia. Namwogopa tu. Ni mkunga mstaafu, amezalisha nusu ya mtaa, na anamtazama kila mtu kana kwamba alimwona siku ya kwanza akiwa hana nguo, maana wengi kweli aliwaona hivyo. Akiingia sebuleni nainuka. Akikaa, natafuta cha kufanya nje.

Sasa huyu mama ana gari kuukuu, la rangi ya maziwa, alilokuwa akiliendesha kwenda kwa wajawazito wake enzi za kazi. Wakunga wastaafu walipanga kukutana Jumamosi, naye akataka afike akiendesha mwenyewe. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, akasema chesisi, ile fremu ya chini inayobeba gari zima, imeoza, gari litakatika katikati ya barabara, na kwamba ameshampata mnunuzi. Mama akamjibu kwamba asipoliendesha Jumamosi, liuzwe, na hatatia neno. Kisha akanigeukia na kuniagiza nilitengeneze. Nikasema, "Naam, mama."

Chesisi haikuwa imeoza. Ilikuwa na kutu ya umri wake tu. Niliikwangua, nikaipaka rangi, nikairudishia bodi juu yake, na Alhamisi asubuhi zikawa zimebaki bolti nane za kushikilia bodi hiyo. Mama akaleta kigoda chake uani, akakaa karibu na mlango wa dereva. Mimi nilikuwa nimelala chali chini ya gari, naziona ndala zake tu.

Bolti saba zilikwenda vizuri. Ya nane iko chini ya kiti cha dereva. Nikaizungusha mpaka mkono ukaniambia basi. Huko juu mama akauliza, "Imeshika?"

Mtu mwingine angejibu kwamba imeshika, mambo yakaishia hapo. Lakini mimi niliona kumjibu hivyo mama mkwe ni kama kumwambia anyamaze, tena nikiwa nimelala. Nikasema, "Naam, mama," na asije akadhani nimempuuza, nikaongeza robo mzunguko. Baada ya muda akauliza tena. Nikaongeza robo nyingine. Alipouliza mara ya tano nikasikia kitu kikikwaruza ndani, na bolti ikawa inazunguka bila shida kama kijiko kwenye kikombe.

Meno yalikuwa yamekwisha. Si ya bolti, hiyo ningebadilisha. Yaliyokwisha ni ya tundu lenyewe, kwenye nati iliyochomelewa ndani ya chesisi, mahali ambapo vidole haviingii. Mkono wangu hodari ulikuwa umeharibu kile ambacho kutu ya miaka arobaini ilishindwa kukiharibu. Dawa yake naijua, lakini vifaa vilikuwa karakana, na ili nifike karakana ilibidi nipite mbele ya kigoda kile nikiwa na maelezo. Sikuwa na maelezo.

"Imeshika?"

Nikasema naam, mama, nikaendelea kuizungusha ikizunguka bure, huku naguna ili ijulikane kwamba kazi ipo.

Mke wangu akaja akachungulia, akataka kujua kwa nini bolti moja inachukua saa nzima. Nikamnong'oneza kwamba ni ndefu. Akanitazama vile anavyomtazama muuza nyanya anayeapa kwamba zimechumwa leo, akaenda zake. Chakula cha mchana nilikilia kule kule chini, nikidai kazi haiachwi katikati. Nikajaribu kuizungushia bolti uzi wa katani. Nikajaribu gundi. Nikajaribu dua. Na kila ndala ziliposogea, niliguna.

Mwishowe visigino vikainuka kwenye zile ndala, na uso wa mama ukatokea chini ya gari, umepinduka.

"Mkwe," akasema, "nimesikiliza watu wakisukuma miaka thelathini na moja. Wewe hapo husukumi kitu."

Nikaiweka spana chini.

"Haya, niambie kimetokea nini."

Nikamwambia yote, hadi habari ya gundi. Nilitegemea atamwita shemeji na mnunuzi wake. Badala yake aliuliza kama kuna dawa, na niliposema ipo, akauliza nangoja nini. Nikapita mbele ya kigoda, nikavileta vifaa kutoka karakana.

Dawa ni hii: tundu unalitoboa liwe pana zaidi, unalichonga meno mapya kwa tepu, kile chuma chembamba cha kuchongea meno ya nati, halafu unalizungushia ndani kispringi cha chuma kigumu, ambacho bolti ile ile ya zamani itapata kukishika. Kwenye kuchonga ndipo roho inapokuwa mkononi. Unakwenda nusu mzunguko mbele, robo nyuma, unatia mafuta, unapuliza vumbi la chuma. Ukiwa na haraka tepu inakatikia ndani, na hapo gari linauzwa kweli. Mama alitandika gunia upande wa pili, akalala, akashika tochi. Kila nilipotaka kuharakisha aliniambia, "Pumua," na cha ajabu nikapumua. Kispringi kilipoingia chote akasema, "Huyo!" kwa sauti ambayo nadhani watu wengi wa mtaa huu ndiyo waliyoisikia kwanza duniani.

Nikarudisha bolti. Nikaikaza taratibu mpaka mkono ukaniambia basi.

"Imeshika?"

Spana ilikuwa bado mkononi, na jasho limeniingia machoni. "Imeshika, mama," nikasema. "Nikiongeza naharibu. Usiniulize tena."

Tochi ikazimwa. Nikawaza kwamba sasa ndiyo basi, hata ndoa imekwenda.

"Kumbe unaongea," akasema mama. "Miaka tisa, mkwe. Mimi nikiingia, wewe unatoka. Leo nikasema, huyu yuko chini ya gari, hana pa kukimbilia. Bolti mimi najua nini? Nilikuwa natafuta mazungumzo."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nikamwomba radhi, na haikuwa naam mama, ilikuwa sentensi nzima.

Jumamosi aliwasha gari mbele ya shemeji, akaniamuru niketi pembeni yake niisikilize chesisi. Chesisi haikutoa sauti hata moja. Niliyeongea ni mimi, kuanzia getini, nikimweleza kuhusu mkono wangu, mpaka kwenye mzunguko wa pili wa barabara mama mkwe akaniomba kwa upole ninyamaze kidogo apate kuendesha.