Firigisi ya Wabwile

Barua ya mama mkwe ilifika Kitale siku ya Jumanne, nayo ilikuwa fupi. Nasambu alisema angekuja Jumamosi kutoka Bumula kuwaona. Angekuja na Lenah, binti wa kaka yake, ambaye angebaki hapo awe anawapikia.

Mkamwana wake, Wangu, aliisoma mara mbili, akampa mumewe. Wabwile, ambaye alikuwa karani pale stesheni ya reli, aliisoma akiwa amesimama, akasema labda mama ameona ni kazi nyingi kwa mkewe kufundisha mchana kutwa kisha kurudi kuinama motoni. Wangu akasema ni vyema. Alikuwa mtu wa kusema ni vyema. Lakini usiku ule alirudisha sahani jikoni ikiwa bado imejaa.

Alijua Lenah analetwa kwa nini. Siku ya tatu baada ya arusi, pale Bumula, mashangazi walimpa mwiko mbele ya watu asonge ugali wa wimbi, ili waone mkono wa huyu binti wa Kikuyu aliyesoma chuo. Ugali ulitoka laini mno. Shangazi mmoja akauliza kama aletewe kikombe. Wangu alicheka pamoja nao, kisha akaenda kulia nyuma ya ghala la mahindi. Chuoni pia ilikuwa hivyo hivyo. Keki yake ya mtihani ilibonyea katikati kama kaburi la zamani, na mwalimu akaizunguka mara moja bila kuionja. Hakuhitaji kuambiwa na mtu kwamba si mpishi.

Ila kulikuwa na jambo ambalo hakuwahi kumwambia yeyote. Nyuma ya nyumba yao ya reli palikuwa na jiko dogo la mabati, na kila jioni, akishatoka shule, Wangu alivua viatu, akawasha moto, na akawa mtu mwingine. Hapo hakuna aliyemtazama. Aliweka bizari kidogo katika maharagwe ili aone tu itakuwaje. Alipika ndizi mbichi na minji, akaziponda, akazionja, akaongeza kitunguu. Siku nyingine chakula kiliungua. Siku nyingine kilikuwa kitamu hadi akajichekea peke yake katika moshi. Mchana kutwa alishika kalamu nyekundu akisahihisha makosa ya watoto. Jioni, katika jiko lile, hapakuwa na wa kumsahihisha yeye. Wabwile alikula kila alichopewa. Mara mojamoja alikunywa maji mengi, lakini hakusema neno.

Sasa Lenah akija, jiko litakuwa la Lenah. Chungu kimoja hakina wapishi wawili.

Jumamosi walishuka kutoka kwenye lori la Kamukuywa, Nasambu akiwa na jogoo mwekundu kwapani, Lenah akiwa na kikapu kichwani. Lenah alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, mrefu, mwenye maneno machache. Aliingia jikoni kabla hata ya kunywa maji. Mchana huo ugali wake ulisimama kama kichuguu, na mboga ya mrenda aliyoipika kwa munyu wa majivu iliteleza kooni bila kuulizwa. Wangu alikula, akaona kwamba ni kitamu kweli, na utamu huo ndio uliomuumiza.

Nasambu akanawa mikono. Yeye na Wangu hawakujua lugha ya mwenzake, kwa hiyo walizungumza Kiswahili, kila mmoja kwa namna yake.

"Jioni utapika wewe, mwanangu," akasema. "Jogoo huyu. Mimi nataka nijue mkono wa bibi ya kijana yangu."

Basi jioni Wangu akavua viatu. Lenah aliketi kwenye kigoda karibu na mlango akiitazama mvua, maana alikuwa ameambiwa asiguse kitu. Mwanzoni Wangu aliangusha kisu. Lakini moto ni rafiki wa anayeupenda. Vitunguu vilipoanza kulia katika mafuta, alisahau mtihani. Alisahau kwamba kuna mtu mlangoni. Akatia bizari, akanusa, akaongeza tena. Na nyama ilipokaribia kuiva, alifanya kama alivyofanya siku zote: alichota firigisi kutoka kwenye sufuria, akaipuliza, akaipaka chumvi, akaitafuna taratibu huku amefumba macho. Kwao hawakuwa walaji wa kuku, na hakuna aliyewahi kumfundisha mambo ya kuku. Yeye mwenyewe ndiye aliyejiwekea kanuni kwamba firigisi ikiiva, jogoo mzima ameiva. Isitoshe, aliipenda.

Lenah alimwona. Alifungua mdomo, akaufunga, akaigeukia mvua.

Mezani Wabwile aliombea chakula. Nasambu alichukua kijiko ili ampakulie mwanawe kwanza. Akakoroga bakuli mara moja. Akakoroga tena, hadi chini.

"Firigisi iko wapi?"

"Nimeila, Mama," Wangu akajibu, akidhani ameulizwa swali la kawaida.

Mvua ilisikika juu ya mabati. Nasambu aliweka kijiko chini, akaanza kueleza bila kupandisha sauti, na hilo lilikuwa baya kuliko kelele. Kwao Bumula firigisi ni ya mwenye nyumba. Mwanamke haigusi. Mwanamke akiila, ni kama amemwambia bwana wake kwamba kiti chako nimekikalia. Alisema anawajua wanawake wawili waliorudishwa kwa baba zao na mambo yao yalianzia hapo hapo, kwenye firigisi.

Wangu akawakumbuka kuku wote waliopita katika jiko lile tangu arusi.

"Na wale wengine?" Nasambu akauliza, kana kwamba amewaona wakipita.

"Zote nilikula mimi, Mama." Sauti yake haikufika hata katikati ya meza.

Nasambu akamgeukia mwanawe. "Wewe ulikuwa najua?"

"Nilijua, Mayi."

"Miezi tisa?"

"Kuku wenyewe walikuwa watano tu."

"Mimi siuliza hesabu. Nauliza mbona ulinyamaza."

Wabwile alizungusha kikombe chake cha maji. Hakuwa mtu wa kueleza mambo ya moyoni, tena mbele ya mama yake. "Ile siku ya kwanza nilikuwa nataka kumwambia," akasema. "Nikaenda hadi mlango wa jiko. Nikamwona kwa ufa. Anatafuna, anajichekea peke yake. Mayi, huyu hata siku ya arusi hakucheka hivyo. Nikaona firigisi ni kitu kidogo. Nikarudi."

Wangu aliinamisha uso. Machozi yalimtoka, lakini hayakuwa yale ya nyuma ya ghala.

Nasambu akajipakulia paja, akalionja, akatafuna.

"Chumvi imezidi," akasema. Akachovya ugali katika mchuzi. "Na hii manjano ni dawa ya nini?" Hakungoja jibu, alichukua kipande kingine, na baada ya hicho akachukua shingo. Ndipo akamtazama Lenah. "Wewe ulikuwa hapo mlangoni. Ulimwona?"

"Nilimwona, shangazi."

"Na hukusema."

Lenah akajikuna kiganja. "Alikuwa amefurahi sana. Mimi nikipika huwa naomba tu moto uzime niende zangu." Halafu, kwa kuwa mlango ulikuwa umeshafunguka, akasema lililomkaa: hakutaka kuwa mpishi wa mtu Kitale. Pale Kamukuywa kulikuwa na mama mmoja mwenye cherehani aliyekubali kumfundisha kushona.

Nasambu aliwatazama wote watatu, mmoja baada ya mwingine, kisha tumbo lake likaanza kutikisika. Alicheka hadi akashika meza. Ati amesafiri kutwa nzima juu ya magunia kuja kumwokoa mwanawe, ambaye hata hajakonda.

"Basi Lenah tutarudi naye," akasema, akijipangusa macho kwa leso. "Jiko ni lako, Wangu. Lakini mukikuja Bumula, mbele ya wale mashangazi, hiyo firigisi ionekane nzima. Hapa kwenu mtajua wenyewe."

Wangu alisema ni vyema, na kwa mara ya kwanza alimaanisha hivyo.

Jumatatu asubuhi wageni waliondoka na lori la Bungoma. Wiki ya pili yake dereva yuleyule alileta kikapu kilichotumwa na Nasambu, na ndani yake mlikuwa na kuku. Jioni Wabwile alitoka kazini mapema, akapita nyuma ya nyumba, akasimama kwenye mlango wa jiko badala ya kuchungulia ufani. Wangu hakumfukuza. Alichota firigisi, akaipuliza, akaikata vipande viwili juu ya kifuniko cha sufuria.

Nusu ya Wabwile ilikuwa ndogo kidogo.