Atestasiyo ya Kutokuwa Ndugu

Kila asubuhi, isipokuwa Jumapili, naketi na beseni langu la mikate karibu na mlango wa biro ya komini, yaani ofisi ya serikali ya mtaa, upande wa kushoto, pale ukuta unapotoa kivuli mpaka saa tano. Mikate ninayosema ni ile midogo ya mviringo, ya kukaanga. Tangu mume wangu alipolala katika Bwana, ndiyo inayolipa shule ya watoto. Hapo nilipo namwona anayeingia na bahasha nene na anayetoka bila bahasha. Nafunika mikate, nzi wasitue.

Mwaka huu, mvua zilipoanza, ikaletwa karatasi kutoka juu. Ilikuwa ya kurasa nne, ikabandikwa ukutani juu ya kichwa changu. Jina lake lilikuwa Kanuni za Mwenendo Mwema wa Wakubwa na Wafanyakazi wa Mji. Siku hiyo walikuja na kamera, na shefu wa biro ya parseli, yule anayetia sahihi karatasi za viwanja, akapigwa picha akionyesha ukurasa wa kwanza kwa kidole. Kisha akaingia ndani, akafunga mlango. Nafikiri usomaji wake nao uliishia pale kidole kilipoishia.

Shefu huyo anaitwa Stanislas. Kati yangu naye kulikuwa na jambo moja. Mimi naitwa Tshilanda, na mama wa mke wake, anayekaa Mbuji-Mayi, naye ni Tshilanda. Kwetu sisi watu wa Kasai, mwenye jina la mama mukwe wako ni mama mukwe wako pia, na heshima ni ile ile. Siku alipojua jina langu, Shefu alirudi nyuma hatua mbili, akainamisha kichwa mbele ya watu na kuniamkia, "Mama mukwe, jambo." Watu wakacheka, nami nikacheka. Kisha akachukua mikate minne, akaenda zake. Nilipotaja malipo, akawauliza waliokuwa kwenye mstari ni wapi waliona mama mukwe anamuuzia chakula mume wa binti yake. Tangu siku ile, miaka miwili sasa, ni mikate minne kila asubuhi. Nami nilikuwa naitika, "Jambo, mukwe."

Sasa, kanuni ya nne ya karatasi ile ilikataza mfanyakazi kupokea zawadi kutoka kwa mtu ambaye dosie yake, faili la maombi yake, iko mezani mwake. Wiki ya kwanza biro nzima ilikosa bahasha, ikawa kama nyumba yenye msiba. Lakini wiki ya pili Shefu alitoka nje uso unang'aa. Alikuwa amefika kanuni ya saba, ile inayosema mfanyakazi asishike dosie ya ndugu yake, awe wa damu au wa ndoa.

Alitutangazia kwamba amechoka kusikia watu wakisema Stanislas anasaidia wa kwao. Kuanzia siku hiyo, kabla dosie yoyote haijafunguliwa, mwenye nayo alete atestasiyo, yaani cheti, ya kutokuwa ndugu wa Shefu. Inapatikana wapi? Hapo hapo, mlango wa pili. Inataka picha mbili, tembre, ile stempu ya kulipia, mashahidi wawili, na kitu kidogo cha karatasi. Kitu hicho hakikuwa zawadi, alieleza, kwa sababu kilikuwa na risiti. Mtu mmoja akauliza kama shahidi anaweza kuwa ndugu wa Shefu. Shefu akafikiri, akasema hapana, hiyo ingekuwa kinyume cha mwenendo mwema. Basi kila shahidi alete kwanza atestasiyo yake, na mashahidi wake wawili.

Aliyeteseka kuliko wote ni Mzee Nasoro, fundi wa nguo, mtu wa kofia, ambaye wazee wake walitoka Maniema. Alitaka karatasi ya kiwanja cha kibanda chake cha kushonea. Alirudishwa mara tatu. Mara ya tatu alimkuta Shefu mlangoni, akamwambia kwa upole, "Shefu, mi niko mutu wa Kasongo. Baba yangu Mahamudu, babu yangu Mahamudu. Weye uko Mukasai, unasali kwa bapadri. Bundugu itatokeya wapi?"

"Papa Nasoro," Shefu akasema, "shiye bote tulitoka kwa Adamu. Adamu iko mu kitabu yako, iko na mu yangu. Leta bashahidi."

Mimi nilikuwa napanga mikate na kusikitika kwa ajili yake. Sikujua kwamba zamu yangu iko njiani.

Marehemu aliacha parseli moja huko Kasungami, na vyumba viwili tulivyojenga tofali kwa tofali, na shamba dogo la mahindi nyuma. Karatasi ilikuwa bado kwa jina lake. Mdogo wake, Élie, alikuja Jumatatu moja jioni, akanywa chai yangu, akasema amepata mnunuzi, mtu anayefanya kazi kwenye mgodi wa Kinsevere, na atamleta Jumamosi. Nikamuuliza watoto wa kaka yake watalala wapi. Alisema kama karatasi ingekuwa kwa jina langu, yeye angenyamaza. Lakini kama ni kwa jina la kaka, basi anayesema ni ndugu wa kaka. Akamaliza chai, akaosha kikombe mwenyewe. Élie ana adabu.

Dosie ya kubadilisha jina nilikuwa nimeiweka mezani kwa Shefu mwezi mzima. Jumanne nikaacha beseni kwa jirani, nikaingia mlango wa pili. Pale alikuwa Estelle, msaidizi wa Shefu, dada mtulivu mwenye mwandiko mzuri. Alinipa fomu ya atestasiyo. Chini yake paliandikwa: Naapa mbele ya Mungu na sheria kwamba mimi si ndugu wa Shefu kwa damu wala kwa ndoa, na kwamba hajapata kuniita ndugu nami nikaitika. Sehemu ya mwisho aliiongeza Shefu mwenyewe, kwa usalama.

Kalamu ilibaki mkononi. Asubuhi ile ile, saa mbili na robo, nilikuwa nimeitika, "Jambo, mukwe."

Nilimweleza Estelle. Alisema watu wote wanatia sahihi bila kusoma. Nikamjibu naamini, ila mimi nimekwisha kusoma, na jina la Mungu limo ndani. Alinitazama, akaangalia mlango wa Shefu, akasema kwa sauti ndogo kwamba hata nikitia sahihi, na mashahidi na mashahidi wa mashahidi, itapita wiki mbili. Mimi nilikuwa na siku nne.

Usiku nilisali, na jibu halikuja. Kesho yake asubuhi nikapanda juu ya kiti changu kusoma karatasi ya ukutani. Shule yangu iliishia darasa la sita. Nasoma kwa kidole, neno kwa neno, kama ninavyosoma Zaburi, na mtu anayesoma hivyo hana namna ya kuruka mstari. Mzee Nasoro alishika beseni. Kivuli kilikwisha nikiwa ukurasa wa pili. Ukurasa wa tatu, chini ya kanuni ya saba, kulikuwa na maneno mengine madogo: dosie ya ndugu wa mfanyakazi itapitishwa siku ile ile kwa mfanyakazi mwingine, naye ataimaliza siku ile ile, na mwenye undugu atatoka nje ya chumba mpaka imalizike.

Niliyasoma mara tatu. Kisha nikashuka, nikamwuliza Mzee Nasoro kama Alhamisi atakuwepo. Alisema yuko hapo kila siku, ameanza kuzoea.

Alhamisi mstari ulikuwa mrefu mpaka barabarani. Shefu akaja na suti ya bluu, akarudi nyuma hatua mbili kama kawaida, akainama, "Mama mukwe, jambo." Mkono ulikwisha fika kwenye beseni. Alichukua minne, mmoja akaukata kwa meno.

Sikuitika. Nikamuuliza, "Shefu, mi niko mama mukwe yako, ao siko?"

"Mama, iyo ulizo gani? Bantu bote banajua."

"Basi kanuni ya saba, ukurasa ya tatu, chini. Dosie yangu iko ku meza yako. Leo ipite kwa Estelle, na weye utoke inje."

Alicheka, akitazama watu wacheke naye. Akaniambia mambo ya majina ni mchezo tu wa kuchangamsha asubuhi, hayaingii katika kazi ya serikali.

"Kama ni mchezo," nikasema, "basi mi niko mama mwenye dosie tu, na mikate ya miaka mbili ni zawadi. Kanuni ya ine. Iyo iko ukurasa ya kwanza, pale uliwekaka kidole siku ya foto."

Hakuna aliyecheka sasa. Shefu aliangalia mikate mitatu na nusu iliyokuwa mkononi. Mzee Nasoro akakohoa kidogo. "Shefu, chagula," akasema. "Bukwe ao mikate."

Shefu akameza kipande kilichokuwa mdomoni. Halafu akasimama wima, akasema kwa sauti ya mikutano kwamba yeye si mtu wa kumkana mama mukwe mbele ya watu, na kwamba komini hii inaheshimu Kanuni kuliko zote za mji. Akaamuru dosie ipelekwe kwa Estelle, akatoka uani.

Estelle alifungua dosie. Cheti cha ndoa kilikuwemo, cha kifo kilikuwemo, karatasi ya ununuzi ilikuwemo. Hakuna kilichopungua, wala hakikuwa kimepungua mwezi mzima. Tatizo lilikuwa muhuri. Shefu hutembea nao mfukoni. Ikabidi Estelle amwombe, na kwa kuwa Shefu hakuruhusiwa kuingia, aliupitisha dirishani, akageuza uso pembeni. Saa sita kasorobo karatasi ilikuwa na jina langu, na majina ya watoto chini yake.

Nilipotoka nayo, Mzee Nasoro alikuwa amefika mbele ya Estelle. Alivua kofia, akamweleza kwamba Shefu mwenyewe alitamka mbele ya mashahidi wengi kuwa wametoka wote kwa Adamu. Kwa hiyo yeye ni ndugu, na anaomba Shefu abaki nje. Nyuma yake mama mmoja alisema mwanawe anaitwa Stanislas. Mwingine alisema Shefu alimwita shemeji Krismasi iliyopita. Mchana ule hakuna tena aliyeulizia atestasiyo.

Jumamosi Élie alifika Kasungami na mtu wake wa Kinsevere. Nilimpa Élie karatasi. Aliisoma, akauliza ni nani aliyetia sahihi upesi hivyo. Nikasema ni Kanuni. Mnunuzi aligeuza gari kwenye mahindi yangu, akalaza mistari miwili, akaenda. Élie alibaki akinisaidia kuyainua.

Jumatatu nilimkuta Shefu uani, amesimama karibu na ukuta wangu. Tangu Alhamisi anakaa huko zaidi ya ndani, maana ndugu ni wengi. Akarudi nyuma hatua mbili. "Mama mukwe, jambo."

"Jambo, mukwe," nikaitika, safari hii kwa moyo wote.

Mkono ukaja. Nikavuta beseni nyuma yangu. Nilimkumbusha, kwa heshima, kwamba kwetu mukwe hali chakula mbele ya mama mukwe, ni aibu kubwa, na nilikosa kumwachia miaka miwili.

"Sasa nitakula wapi?"

Nikamwonyesha upande wa pili wa ukuta, ule wa jua. Akaingiza mkono mfukoni, akaweka noti juu ya kitambaa cha beseni, akachukua minne, akazunguka ukuta. Nilimuuliza kama anataka risiti, lakini alikuwa amekwisha nipa mgongo na alikuwa anatafuna.