Shafti Zisizo na Nukta

Nianze kwa kukiri kosa langu. Mara ya kwanza nilipokisimulia kisa hiki, nilisema aliyeosha vile vyuma ni mpaka rangi wa karakana ya jirani. Nilisema hivyo kwa kumwonea huruma Diploma, na pia kwa sababu mpaka rangi hakuwepo kujitetea. Tangu siku hiyo, maskini, kila akikatiza na kopo la thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, watu wanamwuliza leo anaosha nini. Nimemkosea. Aliyeosha ni Diploma mwenyewe, kwa mikono yake miwili, tena akipiga mluzi.

Diploma ni fundi wa magari ya mashindano, mtu wa miaka hamsini kasoro, tumbo limemtangulia kidogo. Jina hilo alilipata kwa sababu cheti chake cha chuo cha ufundi kinaning'inia juu ya benchi la kazi, na kimekula grisi mpaka kinachosomeka ni neno hilo tu. Gari lake ni moja: la mdogo wake wa kike. Huyu naye wanamwita Breki, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akizikanyaga. Siku za kazi ni mwalimu wa udereva, anafundisha watu kwenda mwendo wa arobaini na kuangalia vioo. Siku ya mashindano anavaa helmeti na kusahau yote aliyoyafundisha. Pembeni yake hukaa mumewe, mfamasia mpole, ambaye kazi yake ni kumsomea kona zinazokuja, na kujizuia asitapike.

Sasa, Diploma alikuwa na utaratibu wake. Shafti, ile fimbo ya chuma inayopeleka nguvu ya injini kwenye tairi, haivunjiki kwa siku moja. Inachoka. Inachoka kimyakimya, bila kulalamika, halafu siku unayoihitaji kuliko zote inakuacha njiani. Kwa hiyo kila baada ya mashindano Diploma aliifungua, akaipaka nukta moja ya rangi ya njano. Mikono ya tairi nayo nukta. Shokapu nukta. Shafti ikifikisha nukta nne, inastaafu: moja inazuia mlango wa karakana usijifunge, nyingine mke wake kaitundikia pazia la sebuleni.

Daftari hakuwa nalo.

"Kaka, andika mahali," Breki alimwambia zaidi ya mara moja.

"Daftari linapotea. Nukta inakaa na mwenyewe."

"Na ikifutika?"

"Nani aifute? Wewe kafundishe watu kurudi nyuma, vyuma niachie mimi."

Basi. Wiki ya mashindano ya mwisho wa mwaka, muuza matairi aliyekuwa anawasaidia aliomba kuja Jumatano kupiga picha. Diploma akaitazama rafu yake, akaona aibu. Gari lilikuwa juu ya stendi, limefunguliwa lote, na vyuma vimejaa matope na mafuta ya msimu mzima. Akachukua nusu pipa, akalijaza thina, akatumbukiza kila kitu. Shafti sita, zote. Zikatoka zinang'aa kama vijiko vya harusini. Muuza matairi akazisifia, akazipiga picha, akaaga.

Diploma akanyoosha mkono achague mbili zenye nukta chache. Mkono ukabaki hewani.

Shafti sita, kama mapacha waliovuliwa nguo. Alijua mbili zilikuwa na nukta nne na zilikuwa zinangoja kustaafu. Nyingine zilikuwa na tatu, moja, sijui ngapi. Ila ipi ni ipi? Alizigeuza, akazinusa, moja akailamba. Ilikuwa na ladha ya thina.

Akakaa juu ya tairi. Wazo la kunyamaza lilimjia, tusimfanye malaika. Angechagua mbili kwa macho, afunge, aombe Mungu. Lakini kwenye lile gari wanakaa wawili: mdogo wake na shemeji yake. Akainuka, akamimina mafuta ya taa kwenye karai, akalaza shafti zote humo. Baada ya saa nzima akazitoa, akazifuta mpaka zikakauka, akazipaka unga wa chaki. Hiyo ni mbinu ya zamani: mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yanatoka taratibu, na chaki inayaonyesha.

Shemeji mtu akamkuta katika hali hiyo, kaja kuchukua karatasi zake za kona.

"Diploma, unakaanga samaki?"

"Nakagua."

"Kwa unga?"

Diploma hakucheka, na hapo shemeji akajua kuna jambo. Wakainama pamoja. Kwenye shafti mbili, karibu na meno, ulitokea mstari mwembamba mweusi, kama unywele. Nne zilibaki nyeupe tupu.

"Sasa si umepata?" shemeji akasema. "Mbili wagonjwa, nne wazima."

"Chaki inaonyesha ufa uliokwisha kufunguka. Uchovu hauonyeshi." Akamweleza yote, thina, picha, mluzi.

Shemeji akafuta chaki vidoleni. "Dukani kwangu," akasema, "dawa ikibanduka lebo siuzi. Hata kama naijua kwa rangi. Hata mteja akinililia."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mwambie mwenyewe. Mimi sitaki kuwepo." Akatoka. Hakufika hata getini, akarudi. "Au basi, nitakuwepo."

Breki alifika jioni, bado kavaa fulana ya shule ya udereva. Mezani alikuta shafti nne nyeupe, na pembeni yake mbili nene, nyeusi, zenye sura mbaya.

"Hizi za nani?"

"Za pikapu ya kubeba matofali," Diploma akasema. "Kampuni ileile, meno yanaingiana. Mpya, hazijawahi kufungwa popote." Halafu akamwambia habari ya thina. Aliisema haraka, kama mtu anayebandua plasta.

Breki hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Kaka. Nikimaliza wa pili nachukua ubingwa wa mwaka. Wa pili tu. Nimeungoja miaka kumi na moja."

"Najua."

"Haya madude yana uzito gani?"

"Karibu mara mbili. Gari litachelewa kuchomoka. Na tairi zikibeba uzito zinarukaruka kama mpira kwenye mawe."

"Na hizi nne?"

"Huenda zote nzima. Huenda moja ina nukta nne. Siwezi kukuapia."

Breki akashika moja ya zile nyepesi, akaipima mkononi kama anayenunua muhogo. Mumewe akawa anasoma cheti cha ukutani, neno moja, kwa makini sana.

"Nijibu kitu kimoja," Breki akasema. "Mama angekuwa ndiye anakaa kiti cha pembeni, ungefunga zipi?"

Diploma akaonyesha zile za matofali.

"Ndiyo hivyo tena," Breki akasema, akairudisha ile nyepesi mezani. Hakuiweka polepole.

Siku mbili zilizobaki Diploma hakutoka chini ya gari. Shokapu zake za kifahari, zenye vifundo vya kurekebisha kila kitu, alizitoa, akafunga za fimbo nene ambazo zinajua kazi moja tu, kuishikilia tairi chini. Bushi za plastiki, vile vipete vya kwenye maungio, akaziacha, akaweka za raba ngumu, maana plastiki inapasuka bila taarifa, raba inaanza kwa kupiga kelele. Springi alizipima kwa kipimo ambacho hakipo kwenye cheti chochote: tumbo la shemeji. Walizunguka njia mbovu nyuma ya karakana. Shemeji akisema "nifungulie dirisha," springi ni laini mno. Akisema "meno yangu," ni ngumu mno. Seti ya tatu alifika mwisho, akashuka, akaomba maji.

"Hizo hizo," Diploma akasema.

Jumamosi njia ilikuwa mawe matupu. Magari manane yalikufa humo, mengine tairi limelala upande. Gari la Breki lilipita kila mahali likiguna kama ng'ombe wa kazi, na kila kwenye mwinuko lilipoteza sekunde. Lilimaliza zima, bila hata nati kulegea. Likawa la tatu. Kati yake na wa pili, sekunde tisa.

Walirudi karakana jua likiwa bado lipo. Lori dogo lilipoliteremsha gari, Breki akabaki amekaa kwenye kiti chake cha mbio, helmeti mapajani, mkanda hajafungua.

Diploma akalipandisha gari juu ya stendi ya nyuma, upole upole asimtingishe. Lakini kabla ya kufungua chochote, akaiendea rafu. Alichukua moja kati ya zile nne nyeupe, akaibana kwenye jiriwa, akaichomekea bomba refu la chuma.

"Unatafuta nini?" shemeji akamwuliza.

"Njoo tuvute."

Wakavuta. Diploma mzima na tumbo lake, shemeji miguu juu ya ukuta. Benchi likalia, cheti kikadondoka. Shafti haikujipinda hata kidogo.

Diploma akaachia bomba, akaitazama.

"Ilikuwa nzima," akasema.

"Hiyo moja. Zimebaki tatu."

"Shemeji, usinifariji."

"Sikufariji. Nahesabu tu."

Diploma akafuta mikono. Akatafuta kopo la rangi ya njano, akaingia chini ya gari, akazipaka zile shafti za matofali nukta moja moja. Kisha akatoa mfukoni daftari jipya la shule, lenye jedwali la kuzidisha nyuma, akaandika tarehe, na chini yake: mbili, nukta moja. Mwandiko ulikuwa mbaya, lakini ulisomeka.

Akaenda mpaka kwenye mlango wa dereva. Breki alikuwa ameegemeza kichwa, amefumba macho. Huenda alilala. Mkono wake mmoja ulikuwa bado juu ya gia.

Diploma akaliweka lile daftari juu ya helmeti, polepole, akarudi nyuma hatua moja.

"Mdogo wangu," akasema, "na mwakani naomba vyuma uniachie mimi."