Pale Alipochimba Kalista

Kalista aliusikia moto kabla hajauona. Walinzi wa hifadhi walikuwa wanachoma nyasi, kama kawaida yao kila Juni, na yeye alikuwa amejibanza humohumo kwenye nyasi akiwakwepa, maana kuchimba humo ni marufuku, gunia la chikanda kifuani. Tangu biashara ya mpakani iachiwe huru, viazi hivyo vya maua ya mwituni, chakula kipendwacho ng'ambo, viligombaniwa na wenye malori wa Kasesya, mpakani, utadhani Zambia nzima ina njaa.

Apige kelele? Watamkamata. Anyamaze? Ataungua. Tohe mmoja alimpita mbio, nusura amkanyage. Moshi ukamkaba koo. Ndipo akapakumbuka pale alipochimba wiki nzima, akang'oa mpaka vichanga, bila kubakiza hata kimoja cha kuota. Akatambaa hadi hapo, akalala kifudifudi kwenye udongo mtupu. Moto ukafika ukingoni, ukakosa cha kula, ukazunguka, ukaenda zake.

Mvua zilipokolea, mlima wote ulioungua ukachanua maua ya njano na ya zambarau. Pale tu palipomwokoa hapakuota kitu.

Kalista alikuwa amekuja tena na jembe. Alirudi nalo safi, bila chembe ya udongo.