Mji wa Mwisho wa Bi Zuwena

Kabla usingizi haujamchukua, Bi Zuwena anahesabu. Amelala ubavu kwenye mkeka baada ya chakula cha mchana, mkono wake uko juu ya mbavu za Serikali, na mbavu zile zinapanda na kushuka mbio mbio ingawa mwenyewe hajaondoka alipo tangu asubuhi. Serikali ni paka. Alipewa jina hilo ujanani kwa sababu alikuwa akichukua samaki jikoni bila kuomba, na hakuna aliyejua pa kumshtaki. Sasa amezeeka, moyo umetanuka, maji yanamjaa kifuani, na daktari wa mifugo amesema bila kuficha: mama, hapa tunampunguzia tu, hatumponyi. Basi kila siku Bi Zuwena anasaga nusu kidonge, anakichanganya na mchuzi wa samaki, anambembeleza kama mkwe aliyenuna. Hilo analimudu. Asilolimudu ni neno la jirani yake Rukia, aliyechungulia juzi akasema: dada, paka mzee hafii ndani, akiona siku zake zimekwisha hutafuta mlango akaenda zake. Tangu hapo mlango wa uani una komeo mchana kutwa, chumba kinafuka joto, na Serikali hukwaruza mlango kidogo, akachoka, akalala. Bi Zuwena anahesabu pumzi, hesabu inampotea, anaanza upya, inampotea tena, na mkono wake haugusi tena manyoya, unagusa mchanga wa barabara.

Barabara haina mwisho. Nyumba za pande zote mbili ni za vioo, na katika kila kioo Serikali anapita, mnene, manyoya yanang'aa, Serikali wa zamani. Bi Zuwena akigeuka, hayupo. Mbele yake anasimama mtu wa kanzu safi, na mahali pa uso hapana kitu, pamelala kama unga uliosawazishwa kwa kiganja. Baba, umemwona paka wangu? Mtu anajibu, kitendawili. Na Bi Zuwena, kwa mazoea ya utotoni, anajikuta ameshasema, tega. Amelala, ubavu wake unakimbia. Jibu analijua, ndilo analolitazama kutwa, lakini anahisi akilitamka litazidi kuwa kweli. Umeshindwa, nipe mji. Anampa Pangani, alikozaliwa, anampa upesi, maana anachotaka ni paka. Nimekwenda Pangani, anasema mtu yule, nimekula nikashiba, na jibu langu ni pumzi ya mgonjwa. Pale pale Bi Zuwena hakumbuki tena mlango wa mama yake ulitazama upande gani.

Anakwenda, barabara inajikunja na kumrudisha mahali pale pale, ila sasa vioo vinamwonyesha Serikali aliyekonda, na aliyesimama njiani ni mwanamke mwenye kanga, naye hana uso. Kitendawili. Tega. Namlisha chungu, ananipa kichwa. Machozi yanamlenga, kwa sababu hivyo ndivyo afanyavyo Serikali: akishameza dawa na kukunja pua, husukuma kichwa chake chini ya kidevu cha Bi Zuwena, utadhani mgonjwa ni huyu mama. Hilo nalo hawezi kulisema. Anatoa Korogwe, alikoolewa, na kicheko cha marehemu mumewe kinakatika katikati, hakisikiki tena. Anaogopa sasa. Anatembea hadi vioo vinakwisha, na mbele yake umesimama mlango wake mwenyewe, na komeo lake. Kizingitini amekaa mtu mdogo, hana uso, na anahema mbio mbio.

Kitendawili, anasema kwa taabu. Tega, baba. Nimefunga mlango, mwizi yumo ndani. Bi Zuwena amebakiwa na mji mmoja tu, Tanga, nao ndio nyumba hii. Akiutoa, huyu atakwenda, atakula, kisha atalisema jibu vilevile. Mchezo ndivyo ulivyo. Anapiga magoti. Ni kifo, anasema. Ni kifo, baba, na nimekufungia nacho ndani, kwenye joto lote hili. Nilisema nakuonea huruma usiende peke yako, kumbe nilikuwa najiogopea mimi. Yule mdogo anainamisha kichwa chake, anakiweka chini ya kidevu cha Bi Zuwena.

Komeo liko mkononi. Hajui ameamka saa ngapi wala ameinuka vipi, ila mlango wa uani uko wazi na upepo unaingia. Serikali anajikongoja, anapumzika njiani, anaendelea. Bi Zuwena hamzuii. Paka anafika kizingitini na hapo analala, kichwa nje kwenye ubaridi, mkia ndani. Haendi popote. Alikuwa anataka hewa tu.

Dada, umefungua? Rukia anauliza kutoka upande wa pili wa ua.

Nimefungua.

Anakaa sakafuni karibu na paka, anaweka mkono mbavuni. Mbavu hazikimbii tena, zinakwenda polepole, polepole mno. Ili asilie anajaribu kumkumbuka mama yake, nyumba ya Pangani, mlango ulitazama upande gani, na hakumbuki. Kama ametoka kwenye barabara ile ya vioo au bado yuko kule, hajui. Anahesabu: moja. Anangoja ya pili.